Na Yeyote Aliyeweka Bega

Juzi alipanda kwangu binti mmoja wa kampuni ya bima, jina lake Ithungu, mtoto mwenye adabu, kavaa fulana ya kazi na simu mbili mkononi. Nilimpa chai ya tangawizi. Akamaliza kikombe, akapangusa mdomo, ndipo akatoa kilichomleta.

"Mama Biira, tunaomba utuongelee na wazee wa machela. Mwaka huu bima yao inahamia kwenye simu. Kila mwanachama anajiandikisha na namba yake. Na ile sentensi yako ya mwisho tunaitoa. Mfumo hauitambui."

Mfumo hauitambui. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, na nilipomaliza kucheka nikaona kwamba nimekasirika. Nikamwambia sitaongea na wazee. Nitaongea na nyinyi, mnaovaa fulana hizo, kwa sababu kazi hiyo niliifanya kabla yenu, toka Hima mpaka mpakani Mpondwe, mpaka goti hili lilipogoma. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichouzia bima. Sokoni Bwera utauza kwa Lhukonzo, lugha yetu, asubuhi, mchana anakuja mama wa Butembo kule Kongo, jioni anakuja askari. Kiswahili chetu kimepinda, najua, lakini kimebeba watu wengi.

Sentensi yenyewe ni fupi. Iko mwisho wa mkataba wa bima ya ajali ya kikundi cha wabeba machela, baada ya majina ya wanachama wote. Inasema: na yeyote aliyeweka bega.

Asiyejua milima yetu nimweleze. Juu ya Bwera kuna vijiji ambavyo gari halijawahi kuviona. Mtu akizidiwa huko, filimbi inapigwa, wanaume wanakuja na machela ya mianzi na kamba, mgonjwa anafungwa na blanketi, wanateremka naye mpaka barabarani. Hawamtui chini. Wanabadilishana mabega huku wanatembea, na mlimani wabebaji huchoka upesi. Kwa hiyo iko sheria, ya zamani kuliko kampuni yoyote: ukikutana na machela njiani, unatua mzigo wako, unaweka bega, mpaka atokee mwingine wa kukupokea. Kama wewe ni mwanamke, unapokea panga zao na kikapu cha mgonjwa. Mzigo wako unabaki kando ya njia na hakuna atakayeugusa. Anayejitia kupisha, akasimama pembeni, analipa mbuzi.

Hakuna mkubwa kwenye sheria hiyo. Wamelipa walimu. Wamelipa wanasiasa wakati wa kuomba kura, na hao hatukuwahurumia. Padri mmoja mgeni alilipa, na Jumapili iliyofuata akahubiri juu ya Msamaria Mwema kwa uchungu wa mtu aliyetoka kupoteza mbuzi.

Sasa mimi, wakati naanza kazi, nilikuwa sijui kuuza bima kwa kikundi chochote. Niliingia kwenye mkutano wa kina mama wa Munkunyu, wale wanaopika kwenye misiba, nikaanza kama nilivyofundishwa ofisini: mkifa, mkiungua, mkivunjika. Bibi mmoja akasimama akauliza, "Huyu ametumwa na nani kutuombea kifo?" Nilitoka pale bila hata kuagwa. Nilijifunza kwamba kwetu ajali haitajwi mbele ya mtu kama bidhaa. Unakaa chini pamoja nao, unachambua maharage kama wanachambua maharage, halafu unauliza, "Mwaka jana nani aliumia?" Ukishauliza, funga mdomo. Watasimulia wenyewe, na mwisho watauliza wenyewe.

Ni hao hao kina mama walionipa somo lililobaki. Niliporudi mara ya pili walinisimulia kwamba aliyeungua na sufuria ya uji hakuwa wa kikundi. Alikuwa jirani aliyekuja kuchota maji, akaona sufuria inaelemea, akashika sikio la upande mmoja. Tangu siku hiyo, kila mwenyekiti nilimuuliza swali moja kabla ya mengine yote: mkiitana, nani huja ambaye hamkumwita? Huyo ndiye wa kumkatia bima. Lakini ofisi haikutaka kumsikia huyo mtu. Ofisi ilitaka majina.

Na majina, wanangu, ni balaa lingine. Nilipopeleka majina ya kikundi cha machela, wakubwa wa Kampala waliyarudisha na maneno makali. Kikundi hiki ni cha uongo, walisema, kina akina Bwambale wengi kupita kiasi, akina Masereka ndio usiseme, na wote wanatoka kilima kimoja. Wakala amekaa nyumbani akijitungia watu. Ilibidi nisafiri kwenda kuwaeleza watu wazima kwamba Mukonzo huitwa kwa zamu aliyozaliwa, kwamba kila nyumba ina Masika wake na Biira wake, na mimi ni Biira kwa sababu kuna msichana mmoja aliyenitangulia tumboni. Walinikubalia shingo upande. Ndipo nilipojua kwamba kwa watu wale jina ni mtu, na kwetu mtu ni alichokifanya.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Afande Masereka. Alistaafu jeshini lakini jeshi halikustaafu ndani yake. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kambi, na alibeba upande wa mbele siku zote kwa sababu, alisema, nyuma kuna uvivu. Siku aliyotia sahihi mkataba alinikazia macho. "Biira, mtu yangu akianguka, utakuja?"

"Nitakuja, afande."

"Usikuje na maneno. Kuja na dawa."

Aliyeanguka hakuwa mtu wake, kwa hesabu ya ofisi. Alikuwa Kambale, Mkongo wa Butembo aliyekimbia vita na mke na watoto, akawa anauza sabuni na chumvi. Kila wiki alinunua Bwera, akajitwisha, akapanda nazo milimani kuuza nyumba kwa nyumba. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Alikutana na machela inateremka na mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto amekaa vibaya. Kambale akatua sabuni zake kando ya njia, akaweka bega.

Kwenye kijito cha pili jiwe likamponyoka mguuni. Wengine walisikia mfupa ukivunjika. Machela ikayumba upande wake, na yeye, badala ya kuruka pembeni kama mwili unavyotaka, akapiga goti moja majini na kuliacha bega mahali pake. Mgonjwa hakugusa maji. Wakaja wawili wakapokea, ndipo Kambale akalala chini na kupiga kelele. Mama yule alijifungua hospitalini jioni ile, mtoto wa kiume. Kambale aliletwa nyuma yake kwa machela hiyohiyo.

Nilimkuta kitandani, paja limevimba, mguu umevutwa kwa kamba na mzigo. Daktari alikuwa amesema mfupa ule unataka chuma, na ukicheleweshwa utaunga umepinda, na mtu anayepanda milima kwa riziki akipinda mguu ndiyo mwisho wa riziki. Mkewe, Mama Furaha, alikuwa amekaa sakafuni na mtoto mgongoni.

"Mama ya bima," akaniambia, "banasema bwana yangu haiko mwanachama. Sasa ule mama alibebwa na nani? Na malaika?"

Kambale mwenyewe hakuniomba kitu. Alisema tu, "Sikuwaza mambo ya bima, mama. Uzito ya mutu ilikuwa inaenda chini. Nikaizuia." Halafu akauliza kama kuna mtu ameona sabuni zake. Zilikuwa zimeshaletwa. Zilikaa njiani usiku kucha na hazikupungua hata kipande.

Nilikwenda ofisi yetu ya Kasese nikapeleka dai. Meneja alilisoma, akanirudishia. Jina halimo. Tena ni mgeni, mkimbizi. Akaongeza, kwa upole, kwamba nisijichoshe, kwamba bima si sadaka, na kwamba nikianza kulipia kila mpita njia kampuni itafilisika. Upole huo ndio ulionichoma. Mtu akikutukana unaweza kurudi nyumbani ukalala.

Nilimjibu hivi, na wenzangu wote walisikia. Nilisema: "Mimi nilipanda kila kilima cha huku kwa miguu kuuza hizi karatasi. Kama Kambale halipwi, nitavipanda tena kimoja kimoja, niwaambie watu kwamba niliwadanganya. Nitaanza na Afande Masereka." Akaniuliza kama natishia kampuni. Nikamwambia ndiyo, natishia, aandike hivyohivyo. Mume wangu aliposikia alishika kichwa. Tulikuwa na watoto shuleni, na mshahara wa nyumba ulikuwa wangu. Lakini hakuniambia nirudi kuomba radhi, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Nilidhani watanifukuza. Badala yake Kampala wakamtuma mkaguzi wa madai, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na viatu vya ncha kali. Hakuwa mtu mbaya. Tulipopita Kinyamaseke alisimamisha gari akanunua mananasi, akampa dereva na mimi kabla ya kula lake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo nilikuwa mkalimani wake pia. Alitaka kuona mahali pa ajali kwa macho yake. Nikasema vizuri sana, twende.

Gari tuliliacha barabarani na dereva. Tukapanda. Alipima kijito kwa jicho, akapiga picha jiwe, akauliza maswali ya maana. Tulikuwa tunateremka, viatu vyake vimeshakuwa na rangi moja na njia, ndipo niliposikia filimbi juu yetu.

Machela ilitokea kwenye kona, Afande mbele, mzee mmoja wa tumbo lililovimba amelala juu yake. Wanaume waliokuwa wanapanda na mikungu ya matoke wakatua, wakaingia chini. Mimi nikapokea kikapu cha mgonjwa. Mkaguzi akapanda kwenye majani, akabana mkoba kifuani, akainamisha kichwa. Kwao Kampala hiyo ni heshima. Kwetu ni mbuzi.

Ningeweza kumwambia. Nafasi ilikuwepo, na ulimi ninao. Nilinyamaza. Mnangoja nitubu hapa? Ng'o, sitatubu. Mtu aliyekuja kuamua kama sheria ya njia ni kitu cha kweli, nilimwacha akutane nayo.

Tulipofika barabarani hapakuwa na gari lingine ila letu. Kabla hajaombwa, Mkaguzi alifungua mlango mwenyewe, akasaidia kumlaza mzee kiti cha nyuma, akamwambia dereva akimbie hospitali. Nilimpenda kwa hilo. Lakini sasa alibaki pale na sisi, bila gari, na Afande alikuwa ameshakaa juu ya jiwe lake la kesi, pale anapowahukumu waliovunja sheria ya njia.

"Wewe," Afande akasema. "Nilikuona. Ulisimama kwa majani kama muti."

"Mimi natoa njia," Mkaguzi akajibu.

"Nani aliomba njia? Tuliomba bega. Mbuzi moja."

Mkaguzi akanigeukia. Nikamtafsiria yote bila kupunguza. Akasema ametoa gari, je, hilo halihesabiwi? Afande akatikisa kichwa. "Gari ni asante. Bega ni bega." Mkaguzi akasema yeye si mwanachama wa kikundi hiki, hajajiandikisha popote. Ni neno lilelile alilokataliwa nalo Kambale, lakini nililitafsiri bila kuongeza langu.

"Hapa hakuna kuandikisha," Afande akasema. "Umekanyaga njia, machela imekukuta, wewe ni wa machela. Imeisha."

Watu walikuwa wanatazama na wengine wanacheka chini chini. Mkaguzi akaona ubishi hauna faida. Akatoa pesa, akaniambia niwaambie kwamba analipa kama mgeni, yaishe salama. Nikatafsiri. Afande akairudisha mikono yake nyuma, kama mtu anayepewa kitu kichafu.

"Mgeni hatozwi. Mgeni tunapatia chai. Faini ni ya mwenyewe, mtu wa hapa."

Basi Mkaguzi akabaki na pesa mkononi ambayo hakuna wa kuipokea. Nilimwona uso ukibadilika, na niseme, hakuwa mjinga. Aliuliza swali ambalo mimi, kwa hasira zangu zote, sikuwahi kufikiri kuuliza. Alisema, "Muulize. Huyo Kambale, kama siku ile angesimama kwenye majani kama mimi, wangemtoza?"

Nikamuuliza Afande.

"Kambale? Angelipa mbuzi mbili. Wewe hukujua. Yeye anajua."

Nilipomtafsiria, Mkaguzi alicheka, cheko la mtu aliyeshikwa pazuri. Akasema kwamba basi siku ile njiani hapakuwa na mtu wa nje. Mtu ambaye kikundi kinaweza kumtoza faini kwa kutobeba, kikundi hakiwezi kumkana alipobeba. Akaiweka pesa juu ya jiwe, mbele ya Afande, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Mimi nalipa kama mwenyewe." Watu wakapiga vigelegele, na mimi nililia, mkitaka kujua, nikiwa bado na kikapu cha watu kichwani.

Msidhani Kampala walifungua mikono. Walimsumbua Mkaguzi kwa maswali, wakanisumbua na mimi, na Kambale akaendelea kulala na kamba yake huku Mama Furaha akinipigia simu kila asubuhi kuuliza neno lile lile. Lakini Mkaguzi hakurudi nyuma. Dai lililipwa. Chuma kikaingia. Mguu uliunga, mfupi kidogo kuliko mwenzake, na Kambale mpaka leo anapanda na sabuni zake akichechemea, na ukimwonea huruma anakuuzia mbili. Mbuzi wa Mkaguzi tulimla siku Kambale alipotoka hospitali, na mama yule wa kijito alikuja na mtoto wake akala naye.

Mkataba ulipofika wakati wa kufanywa upya, ni Mkaguzi aliyeleta ile sentensi. Mnaiita sentensi yangu, lakini ni yake na ya Afande. Mimi nilikuwa mkalimani tu, na mkaidi.

Kwa hiyo msinipandie huku kuniambia mfumo hauitambui. Mfumo si mvua. Umetengenezwa na mtu, amekaa kwenye kiti, anaweza kuambiwa. Nyinyi mna simu za kumfikia, mimi nilikuwa na miguu. Na kama atawajibu kwamba vikundi vya kujitolea havina faida, mwambieni kwamba kila kikundi cha namna hiyo kimesimama juu ya mtu asiye kwenye orodha. Ukimtoa huyo kwenye bima, mwaka wa kwanza hutaona kitu. Mwaka wa pili mtu atakutana na machela, atamkumbuka Kambale mwingine aliyelala bila chuma, ataangalia majani ya pembeni, na ataona ni afadhali mbuzi. Mwingine atamfuata. Halafu mtauza bima ya machela kwenye milima isiyo na machela.

Haya nilimwambia Ithungu, kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyofaa mbele ya mgeni. Akawa anageuzageuza kikombe. Ni mtoto wa huku, kilima cha pili tu kutoka kwangu. Nikamuuliza, "Ukiteremka sasa hivi ukakutana nayo, utafanya nini?"

"Nitapokea kikapu, mama," akasema, bila hata kufikiri.

"Na ukiteleza nacho kijitoni, mfumo wako utakutambua?"

Aliziingiza simu zake zote mbili mkobani, akaaga vizuri, akateremka. Nilimtazama mpaka kona. Wazee sikuwaambia chochote, na hawatatia sahihi karatasi isiyo na maneno yale, nimeshahakikisha.

Nimejenga juu, wanangu, mahali nilipozaliwa, ambapo gari halifiki. Goti hili haliponi. Siku moja nitateremka njia ile nimelala, nimefunikwa blanketi, na chini yangu atakuwepo mtu aliyekuwa anakwenda zake na matoke yake. Sitamwona uso na sitajua jina lake. Nataka kujua leo, nikiwa bado na meno ya kuwauma, kwamba mmemwandika.